Sarafu Nilizosugua kwa Majivu

Mzee Tluway alizikwa Jumamosi iliyopita pale Karatu, nami nilikwenda. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya watu nisiowajua, nikala pilau ya msiba, nikasikiliza wasifu wa marehemu ukisomwa na kijana aliyeshika kipaza sauti kinachokoroma. Wasifu ulisema marehemu aliongoza watalii Kreta, lile bonde la wanyama, kwa zaidi ya miaka thelathini. Ulisema madereva wenzake walimwita Darubini, kwa sababu alikuwa akisimama juu kwenye ukingo, bila kifaa chochote, anakuonyesha faru aliyelala kule chini wakati wewe huoni hata nyati. Watu waliguna kwa kukubali. Mzee mmoja nyuma yangu akamwambia jirani yake, “Na hata uzeeni, macho yalikuwa yale yale.” Niliinamia sahani yangu. Tulioishi naye nyumba moja tukijua kwamba macho yale yalishaacha kuona tulikuwa wawili, mimi na Mama Sekunda mpishi wake, na Mama Sekunda naye alishatangulia. Ningeweza kugeuka nimsahihishe yule mzee. Sikugeuka. Nilishanyamaza mwaka mzima kwa ajili ya macho hayo nilipokuwa na miaka kumi na tisa, na leo nina arobaini na sita, kwa hiyo kunyamaza mchana mmoja zaidi hakukunishinda. Ila njia nzima ya kurudi Endabash nilikuwa na hasira, na hasira ya msibani haina pa kuiweka, maana uliyemkasirikia yuko kaburini na watu wanamwimbia.

Habari za kwetu na za wazazi wangu nitaziacha, hazihusiki. Inatosha kusema nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimefaulu vya kutosha kuomba chuo cha uuguzi, nimeshaomba, na nilikuwa nasubiri jibu. Uuguzi ndio kitu pekee nilichokitaka duniani. Watu wengine walitaka kuolewa, wengine walitaka kwenda Dar. Mimi nilitaka ile kofia nyeupe na saa ya kubandika kifuani. Wakati wa kusubiri mtu alinielekeza kwa Mzee Tluway, mjane, mwongoza watalii mstaafu, aliyekuwa akitafuta binti mwenye macho mazuri na mikono isiyotoka jasho. Nyumba yake ilikuwa juu ya mji, upande wa barabara ya kwenda lango la Lodoare, imezungukwa na kahawa pande tatu. Nilimkuta sebuleni, amevaa koti la kazini la zamani lenye mifuko minne, amekaa wima kama anasubiri wageni wa kampuni.

“Shikamoo babu.”

“Marahaba. Chukua sindano hiyo mezani, tunga uzi.”

Nikatunga mara moja. Akaniambia nimpe mikono, akaishika viganja kwa muda mrefu, akaigeuza, akaipapasa vidole.

“Hutoki jasho. Cheti cha kidato cha nne umekuja nacho?”

“Ndiyo, babu.”

“Kile chenyewe, si nakala?”

“Chenyewe.”

“Leta. Kitakaa sandukuni pamoja na sarafu zangu. Siku ukiondoka tunakabidhiana, moja moja. Mwalimu wa jirani anakuja na kioo chake cha kukuzia anaangalia kila moja, akiridhika unachukua cheti chako unakwenda zako.”

Nilimpa. Nilimpa kama vile mtu anavyompa mwenye duka mwavuli amshikie kidogo. Sanduku lilikuwa la chuma, la kijani, na ufunguo wake aliuvaa shingoni pamoja na rozari. Nilisikia kufuli likilia, nikafikiri ni mlio wa kuanza kazi.

Sarafu zenyewe zilikuwa sitini na kitu, za fedha tupu, kubwa kuliko sarafu yoyote niliyowahi kuishika. Hazikuwa za kununulia kitu. Zilitengenezwa huko nje kwa ajili ya watu wanaopenda kuzikusanya, na karibu zote zilikuwa na wanyama: tembo, faru, simba, twiga, bundi. Ya kwanza, yenye tembo aliyetanua masikio, alipewa na mtalii mzee ambaye Mzee Tluway alimwonyesha faru wake wa kwanza na wa mwisho maishani. Nyingine aliziagiza kwa posta mwaka hadi mwaka, akajisomea magazeti ya wakusanyaji, akajifunza mwenyewe bila mwalimu. Ukiishika sarafu mpya ya namna ile pembeni pembeni na kuigeuza taratibu, mwanga unazunguka juu yake, unaukimbiza ukingo, unarudi. Ni kitu kizuri sana. Sitaki mtu afikiri niliidharau ile kazi. Wiki ya kwanza nilikuwa naamka na hamu ya kuziona.

Shida ya sarafu hizo ni madoa. Fedha inaonekana ngumu, lakini uso wake ni mwepesi kudhurika kuliko uso wa mtoto. Tone la mate likiruka wakati unaongea, baada ya miezi linakuwa kitone cheusi. Kidole kikigusa, alama zake zinabaki hapo, kwanza huzioni, kisha zinakuwa za kahawia. Karatasi mbaya inaifanya iwe njano ukingoni. Na juu ya hayo yote kulikuwa na madoa meupe, kama matone ya uji yaliyokaukia, ambayo yalitokea yenyewe ndani ya vikasha vya plastiki vilivyofungwa. Hayo ndiyo yaliyomkosesha Mzee Tluway raha. Aliamini yanaletwa na mtu: pumzi ya mtu, jasho, mvuke wa chungu, ukungu unaoshuka kutoka Kreta ukipitia mlango ulioachwa wazi. Kwa hiyo chumba cha sarafu dirisha lake lilipigiliwa misumari. Kila siku saa tatu, jua likipanda juu ya mikaratusi, niliingia humo naye, nikavaa glavu za pamba, nikafungua vikasha vitano au sita, nikaangalia kwa kioo cha kukuzia, kisha nikachora duara kwenye daftari na kuweka nukta palipo na doa. Mdomo ulikuwa unafungwa kabisa mpaka vikasha vifungwe. Tuliwasiliana kwa ishara.

Na hapo ndipo nilipomjua. Siku ya nne au ya tano nilimwonyesha vidole viwili, maana yake madoa mawili. Alikuwa amenielekea, hatua moja tu, lakini uso wake haukubadilika. Nikatikisa kichwa, nikanyoosha vidole tena, nikavisogeza mbele ya pua yake. Hakuna. Nilipofunga kikasha ndipo akauliza, “Mangapi?” kwa sauti ya mtu ambaye hajaonyeshwa chochote. Baadaye jikoni nilimuuliza Mama Sekunda kwa kunong'ona, naye akaacha kukata kitunguu, akaufunga mlango kwa mguu.

“Anaona kivuli chako tu. Anajua wewe ni mtu, si kabati. Na usije ukalisema hilo neno humu ndani, Paska. Yule ni Darubini.”

“Hospitali je? Si wanatoa ule utando wa macho?”

“Aende hospitali, wenzake wamwone kwenye foleni ya macho? Afe kwanza.”

Mama Sekunda alikuwa mwanamke mnene mwenye maneno mengi, mjane kutoka Rhotia, na jiko lake ndilo lililokuwa sehemu pekee ya nyumba ile yenye hewa. Lakini hata huko nilikuwa mgeni. Nilikatazwa kushika vitunguu, mafuta, mkaa, udongo. Nilikatazwa kwenda mnadani kwa sababu ya vumbi jekundu. Nilikatazwa kusuka watoto wa majirani nywele kwa sababu ya mafuta ya kichwa. Mama Sekunda alinipakulia makande yangu, akanikatia hata parachichi, akanicheka. “Mikono hiyo hata mtoto wa jana hana. Ukiolewa mumeo atakuosha yeye.” Nilicheka naye mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili nilikuwa nasimama dirishani nawaangalia wasichana wa rika langu wakipita na ndoo za kahawa, mikono yao imepasuka, wanapiga kelele, na ningewapa glavu zangu zote kwa nusu saa ya kelele ile. Jumapili tu ndiyo nilitoka, kwenda misani, na hapo nilivaa glavu pia, watu wakidhani ninaumwa ngozi.

Kabla yangu alikuwepo msichana mwingine, Regina. Mama Sekunda alinisimulia habari zake kwa raha ya mtu anayesimulia ajali ya mwenzake. Regina alipiga chafya juu ya sarafu ya twiga, na baada ya majuma machache twiga akatoka doa shingoni. “Akafukuzwa siku hiyohiyo! Chakula chake kiko mezani, moshi unatoka, hajakigusa. Mzee alipiga kelele mpaka mbwa wakajificha.” Nilisikia kelele, nikasikia mbwa, nikaona chakula kinapoa. Sikuuliza swali jingine lolote. Ningeuliza swali moja tu zaidi, nisingekuwa naandika haya.

Mwezi wa tatu, Machi, doa lilimtokea tembo. Yule tembo wa kwanza, wa mtalii. Lilikuwa kwenye sikio la kushoto, jeupe, dogo kuliko punje ya ulezi. Niliinua kioo, nikashusha, nikainua tena. Mzee Tluway alikuwa amekaa ananisubiri, mikono juu ya magoti, na nilijua nikilitaja doa lile jipya nitafukuzwa kama Regina, na nilikuwa bado sijapata jibu la chuo, na nyumbani walikuwa wanajua nina kazi nzuri kwa mtu mkubwa. Sikuweka nukta. Nilifunga kikasha, nikasema, “Safi, babu.” Huo ndio ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwake. Ulinitoka kirahisi mno.

Sasa mtu wa mjini atashangaa nililofanya baadaye, lakini msichana aliyelelewa kwetu hatashangaa. Sisi tulifundishwa kwamba heshima ya nyumba iko kwenye sufuria zake. Mgeni akiingia, kabla hajakuamkia anatupia jicho kichanjani, na sufuria zikiwa zinang'aa kiasi cha kujitazama, anajua humu kuna binti aliyelelewa. Nilijua kusugua kuliko nilivyojua kusoma. Majivu laini yaliyochekechwa, nusu ya ndimu, gunzi la mahindi lililolowekwa. Doa gani la dunia hii litakataa? Mchana, Mzee akiwa amelala kitandani baada ya chakula, ufunguo niliachiwa kwa robo saa ili nirudishe vikasha. Nikamtoa tembo nikaenda naye uani nyuma ya tangi la maji, Mama Sekunda akiwa ameenda kisimani kwa majirani. Nilichekecha majivu kwa kitambaa cha kanga, nikakamua ndimu, nikasugua kwa mzunguko, pole pole, kama mama alivyonifundisha. Doa likatoka. Nilimsuuza, nikamkausha, akang'aa kama jua. Nilifurahi! Ni lazima niseme ukweli huo: nilikaa chini kwenye jiwe nikacheka peke yangu.

Asubuhi iliyofuata Mzee aliomba amshike tembo wake. Alifanya hivyo mara chache, kwa glavu, akimwinua kuelekea dirishani. Mwanga ukampiga usoni, na nadhani kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi aliona kitu. “Anang'aa,” alisema, akiwa amesahau sheria yake ya mdomo. “Binti, huyu anang'aa kuliko siku nilipopewa.” Mimi nikasema, “Ni utunzaji, babu.” Basi ikawa hivyo. Doa likimtokea faru, nilimpeleka faru nyuma ya tangi. Likimtokea simba, nilimpeleka simba. Mpaka mwezi wa kumi nilikuwa nimeshasugua tisa, na kila moja ilisifiwa. Lakini furaha ile ya kwanza ilikuwa imeshaniisha zamani, kwa sababu kulikuwa na kioo cha kukuzia na nilikuwa na macho. Chini ya kioo niliona nilichokifanya. Uso wa tembo ulikuwa umejaa mikwaruzo myembamba kama nywele, mamia, yote ya mzunguko, na ule mwanga uliokuwa ukizunguka ukimgeuza haukuwepo tena. Alikuwa anang'aa kila mahali kwa pamoja, mng'ao wa sufuria. Nilijaribu kuzigeuza zote tisa dirishani, nikitumaini moja itarudisha mwanga wake. Hakuna iliyorudisha.

Barua ya chuo ilikuja kabla ya hapo, mwezi wa sita. Nimechaguliwa, niripoti mwishoni mwa Agosti, na cheti chenyewe mkononi, nakala hazipokelewi. Mama Sekunda alinikumbatia kwa mikono yenye unga. Nilimsomea Mzee barua ile sebuleni, kwa furaha, nikangoja maneno ya pongezi.

“Vizuri,” alisema. “Basi tutakabidhiana. Nitamwita Mwalimu aje na kioo.”

“Aje lini, babu?”

“Hata kesho. Wewe ukiwa tayari.”

Kesho! Mlango ulikuwa wazi mbele yangu, na mtu wa kwanza ambaye ningekutana naye mlangoni alikuwa Mwalimu na kioo chake. Angewaona tembo na wenzake kwa dakika moja. Nilifikiria polisi. Nilifikiria baba yangu akiitwa. Nilifikiria cheti kikibaki sandukuni miaka yote mpaka nizilipe, na sikujua sarafu kama zile zinalipwaje. Kukitoa kwa siri na kutoroka ningeweza, ufunguo niliachiwa kila mchana, lakini polisi wangenifuata mpaka chuoni. Nikasikia sauti yangu inasema, “Hakuna haraka, babu. Naweza kusubiri mpaka yule mnunuzi wako aje.” Mzee alikuwa na mpango wa kuziuza zote kwa pamoja mwisho wa mwaka, kwa mama mmoja wa Arusha aliyezijua. Hilo nililishika kama kamba. Alinigeuzia yale macho yake yenye ukungu, akasema, “Kama unavyotaka.” Agosti ilikuja ikapita. Siku ya kuripoti niliingia chumbani saa tatu kama kawaida, nikavaa glavu, nikachora maduara matano safi yasiyo na nukta, na machozi yalinitoka nikiwa nimeinua uso juu yasije yakadondokea fedha. Mzee alikaa pale pale. Sijui kama alinisikia.

Ukiacha misa, nilitoka mara moja tu mwaka ule. Madereva wawili waliowahi kufundishwa naye walikuja na gari la wageni lililokuwa tupu, wakasema wanampeleka Darubini akapunge hewa ukingoni, na yeye akaniambia nije nimshikie koti. Ilikuwa asubuhi isiyo na ukungu. Tulisimama pale watalii wanaposimama kupiga picha, Kreta yote iko chini, ziwa linang'aa, na mimi nilikuwa naitazama kwa mara ya kwanza maishani ingawa nilikulia umbali wa saa chache tu. Dereva mmoja akamtania, “Haya mwalimu wetu, faru yuko wapi leo?” Mzee akavuta pumzi, akanyoosha mkono bila kusita. “Kushoto ya msitu wa Lerai. Amelala. Kuna mawe mawili, yeye ni la tatu.” Wale vijana wakainua darubini zao, wakatafuta, wakatazamana. Hapakuwa na mawe yoyote pale alipoonyesha, hata mimi niliona ni nyasi tupu. “Daa! Yupo kweli,” akasema mmoja. “Mzee hukosei,” akasema mwingine, naye anajifuta jicho. Alipogeuka kurudi garini nikamsikia wa kwanza akimnong'oneza mwenzake, “Tangu lini?” na mwenzake akajibu, “Nyamaza.” Mzee alikuwa kati yao, amenyooka, anatembea kwenye njia aliyoijua kwa miguu. Nilimshikia koti lake. Nilimwonea huruma, na bado nilitaka kumpokonya ule ufunguo shingoni.

Bi Nasra, yule mnunuzi, alikuja Desemba, siku ya mvua ndogo. Alikuwa sonara wa Arusha, mwanamke mwembamba wa makamo mwenye baibui na miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani. Mama Sekunda alipika kuku na ndizi na akatoa vikombe vya wageni. Bi Nasra alikula kwa adabu, akanawa mikono mara mbili, akaomba taa. Nikamletea sanduku. Alianza na bundi, akamgeuza, akamrudisha. Akachukua twiga mwenye doa shingoni, yule wa Regina, nikategemea aseme kitu. Akasema tu, “Hili la kiwandani.”

“La kiwandani?” Mzee akauliza.

“Madoa meupe haya, mzee wangu, sarafu inakuja nayo. Kabla hawajaipiga chapa wanaiosha kwa dawa. Dawa isipotoka vizuri inabaki humo ndani ya fedha, kisha siku moja inajitokeza. Hata ungeiweka peponi ingetoka. Hayakwepeki, wakusanyaji tumeshayazoea.”

Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti cha Mzee. Nilikumbuka dirisha lenye misumari, na glavu za misani. Kisha Bi Nasra akamchukua tembo. Alimgeuza mara moja, akashusha miwani ya kichwani, akamgeuza tena. Akachukua faru, simba, mmoja baada ya mwingine, akazipanga pembeni tisa, bila kukosea hata moja. Halafu akainua uso akanitazama mimi, si Mzee, akaitazama mikono yangu.

“Hizi zimesuguliwa,” alisema. “Kwa kitu cha chenga chenga. Mchanga, au majivu. Doa ningelisamehe, lakini hizi uso umekwisha, haurudi tena. Nani aliyefanya hivi?”

Mvua ilikuwa inapiga bati. Mama Sekunda alikuwa mlangoni na birika, hakusogea. Nilifungua mdomo, na naapa nilikuwa nataka kusema, ingawa tangu siku ile nimejiuliza mara nyingi kama kweli ningesema.

“Mimi,” akasema Mzee Tluway.

Bi Nasra akamgeukia. “Wewe mwenyewe? Mtu aliyezisoma miaka yote hii?”

“Uzee. Niliona madoa yananiudhi, nikachukua majivu.” Alisema vile akiwa amekaa wima, koti limefungwa vifungo vyote, uso umeelekea kidogo pembeni ya mahali Bi Nasra alipokuwa. Yule mama aliona alivyokosea upande, naye akaelewa kwamba haoni, nina hakika, maana hakuuliza tena. Alizichukua zile zilizobaki, na tisa akamwachia mezani.

Gari lake lilipoondoka Mzee aliniita. Nilipiga magoti, nikamwambia yote, kuanzia sikio la tembo. Alisikiliza bila kunikatiza.

“Nilisikia harufu ya ndimu,” alisema. “Siku ile ya kwanza, niliposhika tembo. Sarafu haina harufu.”

“Ulijua tangu Machi?”

“Nilijua.”

“Kwa nini hukuniuliza, babu?”

“Ningekuuliza, ungesema umeisugua, na mimi niliisifu. Ungejua sioni.”

“Nilikuwa najua! Najua tangu wiki ya kwanza. Kila mtu anajua!”

Hilo la mwisho lilinitoka, na hata leo nataka kulirudisha. Kisha akavua ufunguo shingoni, rozari ikakwama kwenye kola, akaniachia niukwamue mwenyewe. Alisema, polepole, kama anamweleza mgeni njia, “Regina aliniambia mwenyewe habari ya chafya siku hiyohiyo alipoliona doa. Nilimfukuza kwa hasira, ndiyo, lakini cheti chake nilimpa mkononi na nauli juu. Mtu akisema mwenyewe sihitaji Mwalimu wala kioo. Wewe ungesema Machi, ungefukuzwa Machi, Agosti ungekuwa chuoni.”

Nilifungua sanduku, nikatoa cheti changu, kikavu, kisafi, hakina hata doa. Nafasi ile ya chuo haikurudi tena. Mwaka uliofuata niliomba sikuchaguliwa, na mwaka wa tatu nikachukua nilichopata, ualimu wa chekechea, ambao nimeufanya vizuri na sikuutaka. Lakini hayo yalikuwa bado mbele. Wakati ule nilikuwa nafunga kanga zangu mbili kwenye mfuko, na Mzee alikuwa amesimama kizingitini mwa chumba, ameshika fremu ya mlango.

“Paskalina,” alisema. “Sioni kabisa.”

Nadhani hakuwahi kumwambia mtu mwingine. Akasubiri. “Unaweza kukaa. Bila sanduku. Unisomee tu, unitajie vitu. Mikono fanya unavyotaka.”

Nilisema, “Kwaheri, babu,” nikampita. Nilitoka mlango wa jikoni kumuaga Mama Sekunda, nikazunguka nyumba kwa nyuma. Nilipofika mbele alikuwa ameshatoka barazani, mvua imekatika, anasikiliza. Alidhani nimekwenda kwa njia ya juu, ile inayopita katikati ya kahawa. Akageuza uso huko, akainua mkono, akaanza kunipungia. Mimi nilikuwa upande wa pili kabisa, hatua tano kutoka kwake, mfuko begani, ningeweza kumgusa koti. Aliendelea kupungia miti ya kahawa, mkono juu, anatabasamu kidogo kama afanyavyo mtu anapodhani ametazamwa. Neno moja tu lingetosha kumgeuza. Nilivua viatu visilie kwenye changarawe, nikaondoka.